Ufunguo wa Maabara Uko kwa Nani?

Wiki hii inboksi yangu imejaa swali moja: "Bro, nimeingia Gredi ya 10, nichukue kemia ama niachane nayo?" Wasee, mnamuuliza mtu aliyeacha chuo! Lakini sawa, nitajibu, kwa sababu kozi iliyonitoa chuoni ilikuwa ya kemia.

Mimi ni wa 8-4-4. Shuleni kwetu kemia haikuwa ya kuchagua, ilikuwa lazima kama uji wa asubuhi. Maabara tulikuwa nayo, safi kabisa, na kufuli kubwa mlangoni. Tulianza kuingia vizuri kidato cha nne, muhula wa pili, watu sita kwa bureti moja. Mmoja anashika, watano wanatazama. Na aliyeshika alikuwa yule yule kila siku. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika.

Basi tukafanya nini? Tukakariri. Ukitia sodiamu haidroksaidi tone kwa tone ukaona mashapo meupe, halafu ukizidisha yakayeyuka, andika alumini, zinki au risasi. Rudia na amonia. Yakiyeyuka tena, hiyo ni zinki. Tuliijua kama wimbo. Hayo mashapo yenyewe niliyaona kwa macho yangu mara ya kwanza siku ya KCSE.

Mtihani wenyewe mnaujua. Karatasi ya kwanza alama 80, ya pili 80, ya vitendo 40. Ukikariri vizuri zile mbili, uko sawa. Kwa ile ya tatu, ukweli usemwe: katika titresheni zangu tatu, niliyoipima ni moja tu. Mbili nilizitunga zikafanana nayo. Sijivunii. Nilipata B+, nyumbani wakachinja kuku, nikaitwa chuoni kusoma kemia.

Wiki ya pili chuoni nikapewa pipeti. Nikavuta maji, nikayaachilia, tone la mwisho likabaki pale kwenye ncha. Nikalipuliza. Mtu wa maabara akaniangalia tu: "Kijana, hilo tone huwa linabaki. Pipeti imetengenezwa ikilihesabu." Kitu kidogo hivyo. Lakini wenzangu walikuwa wakijua tangu kidato cha pili, na mimi mwenye B+ sikujua. Kila wiki kulikuwa na tone lingine kama hilo. Mwaka wa pili nikawa na mitihani ya kurudia, karo ina deni, na mathe ameshakopa kwa chama mara mbili. Nikarudi nyumbani. Hakusema kitu. Hiyo iliniuma kuliko angenifokea.

Sasa sikieni. Kuna dada mtaani kwetu anauza sabuni ya maji. Anakoroga, anatia chumvi kidogo kidogo, sabuni inakuwa nzito. Akizidisha chumvi, inarudi kuwa nyepesi kama maji. Nilimuuliza alijuaje kipimo. Akaniambia aliharibu mtungi mzima wa lita 20 kwanza. Manze, hapo ndipo nilielewa shida yangu. Yeye alipata nafasi ya kuharibu. Mimi miaka minne sikuruhusiwa kuharibu chochote, kwa hivyo sikujifunza chochote.

Najua walimu watasema kemikali ni ghali. Ni kweli, na wengi wao wanatoa pesa mfukoni. Lakini magadi tunayotia kwa githeri yanatoka Ziwa Magadi, pale Kajiado. Tia siki juu yake uone inavyotoa povu. Hiyo ni kaboni dayoksaidi. Ponda petali za maua mekundu, chuja, una kionyeshi cha asidi na besi. Hizo si pesa za kungoja serikali. (Lakini usiende kuchanganya dawa ya kung'arisha nguo na ile asidi ya choo. Hiyo hutoa gesi ya klorini, na klorini haina mchezo.)

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Ukitaka udaktari, ufamasia, ama unapenda tu kujua vitu vimeundwa vipi, chukua kemia. Si ngumu vile watu husema. Lakini usiichukue kwa sababu mzazi anataka jina la STEM la kutajia majirani, ama kwa sababu marafiki wote wameenda huko. Sayansi ya jamii, sanaa na michezo pia ni njia, si jalala la waliofeli. Na kabla hujaamua, uliza shule: tutaingia maabara mara ngapi kwa muhula? Wangapi kwa bureti moja? Mwalimu akikasirika kwa swali hilo, umeshapata jibu.

Na tafadhali, usiniweke kwa ile stori ya "hata fulani aliacha chuo na ameomoka." Bado sijaomoka. Bando ya kupandisha hii posti nimekopa. Ningepewa nafasi nirudi kidato cha kwanza, ningemnyang'anya yule jamaa bureti, nimwage, nirudie hadi nijue.

Niambieni hapo chini: shuleni kwenu, ufunguo wa maabara uko kwa nani? Na mara ya mwisho kufunguliwa ilikuwa lini?