Mnampenda Adam Shafi, ila si wa Haini

Tangu filamu ya Vuta N'kuvute ionyeshwe Toronto Septemba 2021, mashabiki wa Adam Shafi wameota kama uyoga. Vizuri. Amil Shivji kafanya kazi ya maana, na mwaka uliofuata Tanzania ikaipeleka filamu hiyo kuwania Oscar. Na filamu sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na haya mapenzi ya nusu nusu.

Adam Shafi tunayemsifu ni mmoja tu, yule anayepambana na Mwingereza. Yasmin anamkimbia mumewe mzee, Bwana Raza, anahamia Ng'ambo kwa Mwajuma, anampenda Denge, na makachero wa kikoloni wanawaandama. Nani atakasirika hapo? Mkoloni keshaondoka, hana mjomba wa kumtetea barazani. Kuli nayo, yenye mgomo wa bandarini wa 1948, inasomeka kwa raha ile ile, kwa sababu adui anajulikana na hayupo tena. Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka 1978, ina bwana shamba ambaye leo hakuna atakayemlilia hadharani.

Sasa kaa Jaws Corner, agiza kahawa yako, kisha itaje Haini. Utaona watu wanavyogeukia bao.

Mzee Karume aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972. Watu wengi walikamatwa baada ya hapo, na Adam Shafi alikuwa mmoja wao. Zaidi ya miaka thelathini ikapita ndipo Haini ikatoka, 2003, Nairobi. Ni riwaya ya jela, ya kuhojiwa na kupigwa, ya mtu kutakiwa akiri jambo ambalo hata hajui linaanzia wapi. Anayepiga humo hatoki London. Anazungumza Kiswahili kile kile anachokizungumza anayepigwa, na huenda wamecheza mpira pamoja. Ndiyo maana kitabu hiki kinatuuma kuliko vingine vyote alivyoandika, na kwa maoni yangu ndicho kilicho bora kuliko vyote. Wahakiki humlaumu kwamba nathari yake ni nyepesi, ya kigazeti. Kweli alikuwa mwandishi wa habari. Lakini jaribuni kuisoma Haini ikiwa imeandikwa kwa tamathali na mapambo! Mtu anayepigwa hana nafasi ya tashbihi.

Najua nitakachojibiwa: yaliyopita si ndwele. Jamani, methali ile ina nusu ya pili, tugange yajayo, na mganga gani anaganga bila kuuliza panauma wapi? Wengine watasema tusifukue makaburi, tuna maridhiano, tuliunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa mwaka 2010. Kama maridhiano yetu yanaweza kuvunjwa na riwaya, basi tuseme ukweli, tulichofanya ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Kuna pia hoja nzito zaidi, kwamba riwaya si ushahidi wa mahakamani. Nakubali. Mwandishi kabadilisha majina, kabuni, kapanga. Lakini mbona hoja hiyo hatuitoi kwa Kuli? Huko tunasoma na kusema “ndivyo wazee wetu walivyoteswa na mkoloni”, bila kudai faili hata moja.

Skuli nazo zimesaidia kumpunguza. Vuta n'kuvute imesomwa kidato cha tano na sita, na wanafunzi wengi wameikuta kwanza kwenye kijitabu cha uchambuzi: dhamira, ujumbe, falsafa, mhusika wa kuigwa. Denge anapata alama zote. Mimi namwona Denge ndiye dhaifu kuliko wote, anahutubia mno. Mwajuma, asiye na nadharia yoyote, anamfungulia mlango binti aliyetimuliwa na kwao, na bado anapata mistari miwili tu kwenye kijitabu.

Oktoba ya mwaka ule ule wa 2021 Abdulrazak Gurnah akapata Nobel. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini angalieni: Gurnah naye ameandika juu ya vidonda vya Mapinduzi, tena bila kuzunguka, na hatukutetereka. Kaandika kwa Kiingereza, akiwa mbali. Paradise yenyewe imetufikia kwa Kiswahili mwaka 2022, ikiitwa Peponi, kwa mkono wa Ida Hadjivayanis. Adam Shafi aliandika kwa lugha anayoisoma jirani yake, na mtoto wa jirani yake, na yule askari mstaafu wa mtaa wa pili. Hapo ndipo pongezi zetu zinapokauka.

Basi watengeneza filamu, mnaosema hadithi za kwetu zimekwisha, Haini ipo. Haitaki magari ya miaka ya 1950 wala mavazi ya kukodi. Inataka chumba, mlango wa chuma na waigizaji wanaojua kunyamaza. Mazungumzo Adam Shafi keshayaandika. Andikeni skripti, ombeni kibali cha kupiga picha hapa hapa Unguja, na ikikamilika ileteni Ngome Kongwe wakati wa ZIFF. Mimi nitakaa mstari wa mbele, niwahesabu mashabiki wa 2021 watakaofika.