Maji Moto Nyumbani: Hesabu Kwanza, Nunua Baadaye

Mwezi wa Julai ukiingia, Nairobi huwa si ile ya jua kali la Februari. Mawingu hutanda tangu alfajiri, joto la usiku hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na huko Limuru na Kinangop mambo huwa mabaya zaidi. Ndipo sufuria kubwa hupandishwa jikoni kabla ya kucha, watoto wakapangwa foleni mlangoni mwa bafu, na wazazi wakaanza kuulizia bei ya mitambo ya kupasha maji moto.

Mali bila daftari, walinena wahenga, hupotea bila habari. Wengi wetu huanzia dukani. Tunauliza mtambo upi ni wa bei nafuu, tunaubeba, na tukifika nyumbani ndipo tunagundua kwamba nyaya za umeme ni nyembamba mno au maji yetu ni ya chumvi. Leo, msomaji mpendwa, tuanzie nyumbani. Yako maswali manne ya kujibu kabla ya kufungua mkoba: watu ni wangapi, maji ni ya namna gani, nyumba ni ya nani, na usalama utalindwa vipi?

WATU NI WANGAPI?

Tuseme maji ya bomba wakati wa baridi yana joto la nyuzi 18, nawe wataka kuoga kwa maji ya nyuzi 40. Kupasha lita 30 kwa kiwango hicho huhitaji takriban robo tatu ya uniti ya umeme. Hayo ni maumbile ya maji yenyewe, wala hayabadilishwi na jina la kampuni iliyounda mtambo. Familia ya watu watano, kila mmoja akitumia lita 30 kwa siku, itakula karibu uniti 4 kwa siku, yaani uniti 120 kwa mwezi. Wakioga kwa ndoo, lita 15 kila mmoja, hesabu hiyo hukatika nusu.

Sasa chukua risiti ya tokeni uliyonunua mara ya mwisho. Gawanya fedha ulizolipa kwa uniti ulizopewa. Jibu ndilo bei halisi ya uniti moja, kodi na ada zote zikiwemo. Zidisha kwa 120, nawe utajua maji moto yanakula kiasi gani cha mshahara wako. Familia nyingi hushtuka zikifika hapo, kwa maana fedha hizo zingetosha kununua vitabu vya muhula mzima.

Shawa ya umeme, ile inayopasha maji yakipita, ni rahisi kununua na haipotezi moto kwa kuhifadhi maji. Ila ina njaa kali. Nyingi huvuta kilowati 5 au zaidi kwa wakati mmoja. Ya kilowati 5.5 hutoa takriban lita 4 tu za maji ya vuguvugu kwa dakika. Ukifungua bomba kwa nguvu ili maji yawe mengi, yatatoka baridi, na hapo kosa si la shawa.

Tangi la umeme hutoa maji mengi kwa mpigo. Lita 100 zikipashwa kutoka nyuzi 18 hadi 60 hutumia karibu uniti 5, na tangi la kilowati 3 huchukua zaidi ya saa moja na nusu kumaliza kazi hiyo. Likiachwa bila kuzimwa mchana kutwa, moto huendelea kuvuja nalo huendelea kuwaka, hata kama nyumbani hamna mtu. Anayelitumia na alifunge saa ya kuliwasha na kulizima.

Mtambo wa jua ni ghali siku ya kununua, lakini baadaye jua halileti bili. Kwa familia ya watu watano, tangi la lita 150 au 200 hutosha, maana maji ya nyuzi 60 huchanganywa na baridi, nayo huongezeka karibu maradufu. Ili ujue utarudisha gharama lini, kisia uniti utakazookoa kwa mwezi, zizidishe kwa bei uliyopata katika risiti, kisha gawanya bei ya mtambo, pamoja na malipo ya fundi, kwa jibu hilo. Utapata idadi ya miezi. Lakini usihesabu kwamba utaokoa uniti zote 120. Julai na Agosti, wakati tunapoyataka maji moto zaidi, ndipo mawingu huzidi, na mtambo huhitaji msaada wa umeme. Aidha, maji ya jua huwa moto zaidi jioni. Nyumba inayowaogesha watoto jioni itafaidika kuliko ile inayosubiri alfajiri.

Kwa kuwa Nairobi iko kusini kidogo ya ikweta, na Julai jua huwa upande wa kaskazini, mwambie fundi auelekeze mtambo kaskazini, uinamishwe kidogo. Tangi likae juu ya paneli, kwa sababu maji moto hupanda yenyewe pasipo pampu.

MAJI NI YA NAMNA GANI?

Wanaoishi Kitengela, Athi River na kwingineko wanakotumia maji ya visima wanajua chumvi inavyoweza kula vyombo. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa wepesi. Shawa ambayo waya wake wa moto umo wazi ndani ya maji yaweza kumrusha mtu. Ziko shawa zilizoundwa kwa ajili ya maji kama hayo, ambazo waya huo umefunikwa. Uliza dukani, usikisie. Kwa mtambo wa jua, tafuta ule ambao maji yanayozunguka ndani ya paneli hayachanganyiki na yale ya kuoga, ili mirija yake isizibwe na magadi.

Vilevile tukumbuke mgao wa maji. Mitambo ya mirija ya vioo ikikaukiwa juani huwa moto kupindukia, na maji baridi yakirudi ghafla, vioo hupasuka. Mahali ambapo bomba hukauka siku mbili tatu kila wiki, nunua kwanza tangi la akiba, uliweke juu kuliko mtambo. Maji moto pasipo maji ni ndoto.

NYUMBA NI YA NANI?

Mpangaji asifunge mtambo wa jua kwenye paa la mwenyewe bila maandishi. Siku ya kuhama, kuna wenye nyumba ambao watadai kila kilichopigiliwa ni chao. Shawa ya umeme hufunguliwa na kubebwa, kwa hivyo yamfaa mpangaji zaidi, maadamu mwenye nyumba amekubali nyaya zibadilishwe.

Kwa mwenye kujenga, shauri ni jingine. Kanuni zilizotolewa na serikali mwaka wa 2012 ziliagiza majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafungwe mitambo ya jua. Hata pasipo kanuni, kuweka mabomba ya maji moto kabla ya kupiga plasta ni nafuu kuliko kuja kubomoa kuta baadaye. Na mwenye shamba nje ya mji, aliye na kuni za kupogoa miti yake, anaweza kutumia kuni busta, lile pipa lenye bomba la moto katikati. Hilo hukaa nje ya nyumba, na sharti liwe na mahali pa kutolea mvuke, la sivyo litageuka kuwa bomu.

USALAMA UTALINDWA VIPI?

Hapa sitaki mzaha. Soketi ya kawaida hubeba kilowati 3 tu. Shawa ya kilowati 5.5 huvuta ampea 23, na hiyo yahitaji waya wake mnene kutoka kwenye boksi la umeme, swichi yake, na kikata-umeme chake. Zaidi ya yote, yahitaji ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Wako mafundi wa mtaani wanaoukata waya huo kwa sababu eti unasumbua. Shawa itafanya kazi vizuri bila waya huo, hadi siku moja itakapoharibika mtoto akiwa chini ya maji. Mwite fundi mwenye leseni, na kabla ya kumlipa, mwambie akuonyeshe waya huo umefungwa wapi. Nacho kile chuma cha kuchovya kwenye ndoo, kizimwe na kung'olewa soketini kabla mtu hajatia kidole majini.

Mtambo wa gesi nao hupasha haraka, lakini usiwekwe ndani ya bafu. Uwe nje, au uwe na bomba la kutoa moshi hadi nje. Gesi ikiungua mahali penye hewa haba hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Hiyo hung'ang'ania damu na kuinyima oksijeni, na mtu hulegea na kusinzia kabla hajatambua kwamba yumo hatarini.

Hewa hiyo hiyo ndiyo hutoka kwenye jiko la mkaa, hata likiwa limekolea na halitoi moshi hata chembe. Kuna nyumba ambazo, baada ya kupasha maji ya kuoga, huliingiza jiko chumbani kwa watoto ili makaa yaliyobaki yasipotee bure. Wanafunga dirisha, wanalala. Wengine hawaamki. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemewa. Jiko lilale nje, nalo baridi la chumbani liachiwe blanketi, soksi na sweta. Wanafunzi mnaokodi vyumba vidogo karibu na vyuo, maneno haya yanawahusu ninyi hasa.

Basi wiki hii, kabla ya kwenda dukani, keti na wa nyumbani kwako na karatasi moja. Andika idadi ya watu, saa wanazooga, aina ya maji na bei ya uniti yako. Kisha ongeza gharama ya waya, swichi na fundi kwenye bei ya mtambo, kwa sababu hiyo ni sehemu ya bei. Ikiwa jumla inakushinda, oga kwa ndoo na sufuria mwaka huu, uweke akiba ya mwaka ujao. Ndoo haina aibu, na lita 15 zamtosha mtu mzima.

Hadi Jumapili ijayo, mbaki salama.