Marubani wa akiba wanafungiwa mlango kimyakimya

Mashirika ya ndege ya Marekani yanawapenda marubani waliotoka jeshini. Huwafuata kambini kabla hawajavua sare, huwatengea maofisa wa ajira wa kuwashughulikia, na kila ifikapo Novemba 11, siku ya maveterani, matangazo yao hayakosi bendera. Lakini mapenzi hayo ni kwa aliyemaliza. Anayeendelea kutumikia, yule ambaye mwezi ujao ataomba ruhusa ya siku sita akarushe ndege ya kujaza mafuta angani, hupimwa kwa mizani nyingine. Asali inatakiwa, nyuki hatakiwi. Tunaandika leo kwa sababu tabia hii ikiachwa ikomae itawaondoa watu kwenye jeshi la akiba mmoja mmoja, bila hata kiongozi mmoja kulazimika kutangaza kwamba sera hiyo ipo.

Msomaji wa Dar es Salaam akisikia jeshi la akiba, asiwaze mgambo wanaokimbizana na wamachinga Kariakoo. Huko Marekani, Jeshi la Anga la Akiba na Walinzi wa Taifa ndio wenye zaidi ya nusu ya ndege za KC-135, zile zinazojaza mafuta angani na ambazo bila hizo ndege za kivita haziendi mbali. Kikosi cha 53 cha uchunguzi wa hali ya hewa, kilichopo Biloxi, Mississippi, nacho ni cha askari wa akiba. Marubani wake huingiza ndege za WC-130J ndani ya kimbunga chenyewe, wakavuka ukuta wa mawingu hadi kwenye jicho, na njiani wakadondosha vifaa vya kupima upepo, joto na mgandamizo wa hewa. Mstari unaochorwa kwenye televisheni kuonyesha kimbunga kitapiga wapi unategemea vipimo hivyo. Sasa tazama kalenda: msimu wa vimbunga vya Atlantiki huanza Juni 1 na kwisha Novemba 30. Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi ambayo mashirika ya ndege yanajaza abiria kupita kiasi na hayataki kumkosa rubani hata mmoja.

Hapo ndipo ugomvi unapoanzia. Tangazo la zamani la kuandikisha askari wa akiba lilisema kazi ni wikendi moja kwa mwezi na wiki mbili kwa mwaka. Kwa mpishi au karani wa kikosi huenda ni kweli. Kwa rubani si kweli, kwani ndege ya kijeshi haijui kama aliyeishika usukani ni wa kudumu au wa akiba, na mikono isiyoruka hupoteza ustadi haraka. Rubani wa akiba hutoa siku nyingi zaidi ya hizo, na siku hizo hazikai vizuri kwenye ratiba ya kiraia. Akiwa na safari ya siku nne kuanzia Ijumaa, na kikosi kikamwita Jumamosi na Jumapili, safari nzima inamtoka na shirika linamtafuta mwingine aliye kwenye zamu ya kusubiri. Meneja wa ratiba anaiona safari ya siku nne iliyotoboka, wala hana habari na kimbunga.

Tuyatendee haki mashirika, maana malalamiko yao si ya kubuni yote. Kwa rubani wa Marekani, namba ya ukongwe kazini ndiyo kila kitu. Inaamua atarusha ndege gani, ataishi mji gani, atapumzika Krismasi au la, atakuwa kapteni lini, na wakati wa kupunguza wafanyakazi ataondoka wa kwanza au wa mwisho. Kwa hiyo kila mtu hukimbilia kuipata mapema. Wapo wanaoajiriwa, wanamaliza mafunzo kwa gharama ya shirika, kisha wanarudi kwenye amri ya jeshi ya mwaka mzima au zaidi huku namba yao ikizidi kupanda. Sheria inawaruhusu. Shirika dogo lenye marubani wachache linaumia, na ni haki yake kusema linaumia. Haki hiyo haifiki mahali pa kuwaadhibu waombaji wote wa akiba kwa kuwa wachache walikaa muda mrefu nje.

Na sheria yenyewe haina utata. Tangu 1994 Marekani ina sheria, maarufu kwa kifupi USERRA, inayomkataza mwajiri kumnyima mtu kazi, cheo au stahili kwa sababu anatumikia jeshi au ana wajibu wa kutumikia. Askari anatoa taarifa tu, haombi kibali. Akienda kwa siku zisizofika 31, anatakiwa kurudi kwenye zamu yake inayofuata baada ya muda wa kusafiri na saa nane za kupumzika. Akikaa zaidi ya siku 180, ana siku 90 za kuomba kurejea. Jumla ya utumishi unaolindwa kwa mwajiri mmoja ni miaka mitano, lakini mazoezi ya lazima na miito mingi ya vita havihesabiwi humo. Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika kesi ya fundi wa hospitali moja ya Illinois aliyekuwa askari wa akiba, iliongeza jambo zito: mwajiri anaweza kuwajibika hata kama aliyetia saini barua ya kufukuza hakuwa na chuki, iwapo msimamizi wa chini aliyemchongea askari huyo ndiye aliyekuwa nayo.

Lakini msimamizi wa chini humchongea mtu aliyekwisha kuingia. Nani anamchongea aliyeko nje?

Angalia daftari la saa za kuruka. Mwombaji analifungua mbele ya jopo la usaili, au analiingiza kwenye mfumo wa maombi, na ndani yake kila kitu kimo: aina ya ndege, tarehe, muda. Saa za jeshi huhesabiwa kuanzia magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapogusa, ilhali za kiraia huanza ndege inaposogea kutoka kwenye maegesho, ndiyo maana mashirika mengi huongeza dakika kadhaa kwa kila safari ya kijeshi ili kulinganisha. Anayefanya hesabu hiyo hawezi kukosa kuona kwamba safari ya mwisho ya KC-135 ilikuwa wiki mbili zilizopita. Huhitaji kumuuliza mtu kama bado ni askari. Na ukimuuliza, sheria haikukatazi waziwazi. Inakukataza kulitumia jibu kumnyima kazi. Barua ya kukataliwa inakuja na mistari mitatu ya shukrani. Haitaji sababu. Mwombaji hajui nani alichukuliwa badala yake, hana barua pepe ya ndani, hana shahidi. Isitoshe, jamii ya marubani ni ndogo, na anayefungua kesi dhidi ya shirika moja anajua kabisa kwamba mengine matano yanasoma magazeti.

Ndiyo maana kesi kubwa tunazozisikia ni za walio ndani. Mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya Chicago ilifufua kesi ya rubani wa shirika la United aliyetaka likizo fupi za jeshi zilipwe kama zinavyolipwa za ugonjwa au za kuitwa mahakamani kukaa kwenye jopo la raia. Mwaka huohuo mahakama ya Philadelphia ikasema hivyohivyo katika kesi ya FedEx, na mwaka 2023 ile ya San Francisco ikarudisha kesi ya Alaska Airlines ili jopo la raia liamue kama likizo hizo zinalingana. Hizi ni hatua njema. Zina upande wa pili ambao hatuoni ukisemwa: kadiri rubani wa akiba aliye ndani anavyozidi kulindwa na kulipwa, ndivyo mhasibu anavyozidi kutamani asiingie kabisa. Haki iliyojengwa sebuleni inaongeza kufuli mlangoni, na mlangoni hakuna mlinzi.

Nani atalipa? Mwaka 2019 taasisi ya utafiti ya RAND ilikadiria kwamba kumfundisha rubani mmoja wa C-17 kunagharimu kama dola milioni 1.1, na wa F-22 dola milioni 10.9. Hizo ni kodi za wananchi. Rubani wa Jeshi la Anga hufunga mkataba wa miaka kumi baada ya kupata mabawa, na mkataba ukiisha ndipo jeshi la akiba linapopata nafasi ya kumbakiza kwa sehemu. Mashirika yanavuna papo hapo. Baada ya ajali ya Colgan Air karibu na Buffalo, Februari 2009, iliyoua watu 50, rubani msaidizi wa ndege za abiria alitakiwa kuwa na saa 1,500. Aliyefundishwa jeshini anaruhusiwa kuanza na 750. Nusu ya safari ameshalipiwa na serikali. Wakati huohuo Jeshi la Anga limekuwa likipungukiwa marubani karibu 2,000 kwa miaka kadhaa. Ukimlazimisha mtu mwenye mke, watoto na mkopo wa nyumba achague kati ya shirika na kikosi, atachagua shirika. Hatutamlaumu.

Hatari hii ya kufungiwa mlango hupanda na kushuka na soko. Mashirika yalipokuwa yanaajiri kwa pupa baada ya korona, sababu ya kubagua ilikuwa ndogo. Mwaka 2024 Boeing ilipochelewesha ndege, United ilisimamisha ajira ya marubani kwa muda na Southwest ikafunga madarasa ya marubani wapya. Foleni ikirefuka namna hiyo, mwajiri anaweza kuchagua, na wa kwanza kuenguliwa ni yule ambaye kumkataa hakuhitaji maelezo.

Nasi tunahusika. Walinzi wa Taifa wa Massachusetts wana ushirikiano rasmi na Kenya tangu 2015. Vijana wengi kutoka Afrika Mashariki wenye kadi ya ukaazi wameingia jeshi la akiba la Marekani ili wapate uraia na ada ya chuo. Kwa kuwa rubani wa jeshi lazima awe ofisa, na ofisa lazima awe raia, wapo watakaofika kwenye daftari hilo la saa baada ya safari ndefu kuliko ya mwenzao aliyezaliwa Ohio. Hawa wajue mapema nini kinawasubiri.

Sheria ya USERRA ilikazwa Januari 2025, na sasa mwajiri aliyevunja sheria kwa makusudi anaweza kulipishwa dola 50,000 au zaidi. Kwa shirika la ndege kiasi hicho ni kidogo, na neno makusudi linamrudisha mwombaji palepale kwenye ushahidi asio nao. Kinachotakiwa ni takwimu. Kila shirika lenye marubani zaidi ya mia moja lilazimishwe kuiambia Wizara ya Kazi, kila mwaka, ni waombaji wangapi walikuwa na wajibu wa jeshi, wangapi waliitwa kwenye usaili, na wangapi walivaa sare ya kampuni. Pentagon nayo itoe ratiba za mazoezi miezi kadhaa mapema, na ifidie mashirika madogo yanayobeba likizo za zaidi ya mwaka, ili kisingizio hicho kiondoke mezani. Wizara ya Kazi huwasilisha bungeni kila mwaka ripoti ya malalamiko chini ya sheria hii. Ripoti ijayo iwe na ukurasa wa mashirika ya ndege, na ukurasa huo uanze na waliokataliwa kabla ya kuajiriwa.