Mtu wako amerudi? Mpigie hodi upya

Ndugu wasikilizaji wa Bwegera, na ninyi familia zilizohamishwa mnaotufuata kwa simu ya kuazima, leo siongelei barabara wala bei ya mchele. Naongelea neno moja ninalolisikia kila siku, sokoni na kwenye milango ya makanisa: "Amebadilika."

Mama anasema hivyo juu ya bwana yake. Kijana anasema juu ya rafiki yake, mzee juu ya mtoto wake. Na kila mara linasemwa kama mashtaka, kana kwamba kubadilika ni kuiba kitu cha mwenzako.

Sote tunajua tulikopita. Februari 2025, Bukavu ilipoanguka, watu wengi wa bonde letu walivuka mto Ruzizi kwenda Burundi. Walilala kwenye uwanja wa Rugombo, kisha wengi wakapelekwa mbali, Musenyi, kusini-mashariki mwa nchi hiyo. Desemba ya mwaka huo huo vita vikashuka tena kwenye barabara ya taifa namba 5 hadi Uvira, na wengine wakavuka kwa mara ya pili. Wapo waliobaki hapa kulinda nyumba ama shamba la muhogo. Hivyo familia moja ikaishi maisha mawili kwa wakati mmoja, mto ukiwa katikati.

Sasa wamoja wamerudi, wengine bado. Na kila anayerudi anapokelewa kwa maneno haya: "Tutakuwa kama zamani." Maneno mazuri, lakini mimi nasema yanavunja nyumba. Anayeambiwa hivyo anajikuta na deni asiloweza kulipa, maana anadaiwa kuwa mtu ambaye hayupo tena.

Nichukue nyumba moja ninayoifahamu, bila kutaja jina. Mama alivuka na watoto wanne. Kule kambini yeye ndiye aliyepanga foleni ya chakula, aliyeandikisha majina, aliyeamua nani anywe dawa na nani angoje. Bwana yake alibaki huku, akala peke yake, akazoea kunyamaza. Walipokutana, baba alitaka ashike tena franga zote kama mwanzo. Mama akauliza: "Na mimi niliyewalisha watoto muda wote huo, leo nimekuwa mtoto?" Hakuna aliyekosa hapo. Kila mmoja alikuwa anamtafuta mtu aliyeagana naye, na mtu huyo hakurudi. Aliyerudi ni mwingine, mwenye sura ile ile.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi: wenyeji na wageni wao. Familia mbili zilikuwa marafiki kwa miaka mingi, zikisaidiana kulima na kucheza likilimba pamoja. Vita vikaileta moja ndani ya nyumba ya nyingine. Miezi ya kwanza ilikuwa upendo. Baadaye sufuria moja ya sombe ikawa haitoshi, choo kimoja kikawa neno, na watoto wakaanza kuhesabiana vipande vya ugali. Wazee walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini hawakutuambia la kufanya mgeni anapokuwa rafiki wa roho na jembe lake limebaki kwenye shamba asiloweza kufika. Wengi wanangoja mpaka wagombane ndipo watengane, na urafiki unafia hapo. Ingekuwa heri kusema mapema: "Rafiki, tupike mbalimbali, tubaki ndugu." Kutenga vyungu si kutenga mioyo.

Tena jambo hili si geni kwetu. Tangu 1996 wengi wa Kivu ya Kusini walikimbilia Tanzania, wakaishi Nyarugusu kule Kigoma, na baadhi wakapelekwa Marekani. Ndugu aliyekuwa anapiga simu kila Jumapili leo anapiga mara moja kwa mwezi. Huku tunasema ametusahau. Labda anafanya kazi ya usiku. Labda watoto wake hawajui Kifuliiru, na anaona haya kuwapa simu. Upendo upo, ila umevaa nguo nyingine.

Hata bila vita, mila zetu zinalijua jambo hili. Siku kijana anapojenga nyumba yake, baba yake mwenyewe anapiga hodi kabla ya kuingia. Jana alikuwa anamwamsha kwa kelele, leo anangoja aambiwe karibu. Binti akiolewa, mama yake hawezi tena kumtuma kisimani. Hakuna anayesema uzazi umekufa. Tunasema umepanda ngazi nyingine. Kwa nini tunashindwa kumpa heshima hiyo mtu aliyebadilishwa na njia ya ukimbizi?

Najua wapo watakaonijibu: "Mwandishi, unawatetea waliotutelekeza?" Hapana. Kuna baba aliyepata bibi mwingine ng'ambo, akazima simu, watoto wakabaki hapa bila karo wala chakula. Huyo hajabadilika tu, huyo amekimbia deni. Na anayerudi na mkono wa kupiga, vita visiwe kisingizio chake. Ndoa inaweza kubadilika, hata kuisha, lakini mtoto anabaki na haki yake ya kula, kusoma na kujua baba yake yuko wapi. Tabia inaweza kugeuka, wajibu haugeuki.

Kwa hiyo naomba mambo madogo. Mtu akirudi, msiitishe baraza la familia wiki ya kwanza. Mwache alale, ale, anyamaze. Usimuulize "mbona umekuwa hivi?" Muulize "ulipita wapi, na nani alikusaidia?" Mambo ya franga na ya mashamba yaongelewe upya, kwa sauti, wote wawili wakikaa, na kama ni lazima mzee mmoja wa kuaminika awe katikati. Mtoto aliyeondoka na miaka kumi na mbili akarudi na kumi na nne, akiwa amebeba wadogo zake mgongoni, msimrudishe kuwa mtoto wa kutumwa tu. Msikilizeni.

Na wewe uliyerudi, jua kwamba aliyebaki naye amebadilika. Alizika watu ukiwa haupo. Alisikia risasi usiku, peke yake. Usiingie kwa nguvu ndani ya nyumba uliyoiacha. Simama mlangoni, piga hodi, ungoje. Ukiambiwa karibu, utakuwa umeingia kwenye nyumba iliyopo leo, na hiyo ndiyo mtakayoishi pamoja.