Kiungo Huhuisha Jedwali, Hakihuishi Hoja

Mwenda tezi na omo, walinena wahenga, marejeo ni ngamani. Methali hii ya mabaharia inamfaa sana mwanafunzi anayeandika tasnifu. Hata akisafiri kutoka sura ya kwanza hadi ya mwisho, hana budi kurejea kwenye data yake. Swali ninalolizua katika makala haya ni hili: je, mwanafunzi wa Kiswahili anaijua njia ya kurejea?

Nitatoa mfano ulionipata mimi mwenyewe. Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu msamiati wa lahaja, nayo ilikuwa na kurasa 164 na majedwali 19. Data yote niliihifadhi katika lahajedwali, kisha nikayaunganisha majedwali na waraka ili nisilazimike kuyanakili upya kila niliposahihisha jambo. Msimamizi wangu alipogundua kuwa nilikuwa nimehesabu maneno 14 mara mbili, niliyaondoa katika lahajedwali, nikaufungua waraka, na majedwali yakajirekebisha yenyewe. Nilifurahi kama aliyeokota dodo chini ya mwarobaini.

Furaha hiyo ilikoma siku ya utetezi. Mtahini mmoja aliweka kidole kwenye jedwali lililosema maneno 398, kisha akanisomea aya iliyolifuata: maneno 412. Akarudi kwenye ikisiri: 412. Akaenda kwenye hitimisho: “zaidi ya maneno mia nne.” Akaniuliza kwa upole, “Mwanangu, tuiamini idadi ipi?” Sikuwa nimedanganya, lakini ni nani angejua? Utafiti wa miaka miwili ulitiliwa shaka kwa sababu ya kosa ambalo halikuwa la isimu wala la hesabu. Lilikuwa kosa la kutojua kuabiri waraka wangu mwenyewe.

Ndugu msomaji, hebu tulitazame tatizo hili kwa makini. Kiungo baina ya lahajedwali na waraka huhuisha jedwali tu. Hakihuishi sentensi uliyoiandika kwa mkono wako kulieleza jedwali hilo. Kwa hiyo, kadiri majedwali yanavyojirekebisha kwa urahisi ndivyo hatari ya maelezo kuachwa nyuma inavyozidi. Mwandishi aliyenakili takwimu zake kwa kalamu alilazimika kupita kila ukurasa akisahihisha. Sisi tunaotumia viungo tunadhani safari hiyo imefutwa, ilhali imefichwa tu.

Yamkini utasema kwamba dawa ni kuitafuta nambari yenyewe kwa kitafutio cha programu. Dawa hiyo haitoshi. Ukitafuta 412 hutaipata “mia nne na kumi na mawili,” wala hutaipata “zaidi ya mia nne,” kauli iliyokuwa kweli jana na ambayo leo ni uongo. Isitoshe, jedwali lililobandikwa kama kitu cha lahajedwali huonekana katika waraka kama picha. Kitafutio hakiyasomi yaliyomo ndani yake. Hata ukiiagiza Microsoft Word ikupeleke kwenye jedwali linalofuata, italiruka hilo, kwa kuwa kwake si jedwali. Ukitaka litambuliwe, liunganishe kama matini yenye umbo lake, si kama kitu.

Ipi basi ndiyo njia? Naamini sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaijua tayari, ila hatujaihamishia kwenye kompyuta. Mhariri wa utenzi huzipa beti nambari. Anayeurejelea utenzi hutaja ubeti, kwa kuwa kurasa hubadilika kutoka toleo hadi toleo ilhali ubeti hubaki na nambari yake. Waraka mrefu nao wahitaji beti zake, yaani mahali palipopewa majina yasiyohama hata kurasa zikiongezeka.

La kwanza, vichwa vya sura na vijisehemu viwekwe kwa mitindo ya vichwa iliyomo katika programu. Kukoleza wino na kukuza herufi kwa mkono hakutoshi. Machoni pa msomaji mambo haya mawili yanafanana. Kwa programu, la pili ni aya kama aya nyingine. Vichwa vikiwekwa ipasavyo, kidirisha cha uabiri, ambacho katika Word hufunguka kwa Ctrl+F, hukuonyesha tasnifu nzima kama mti na matawi yake, nawe huruka kutoka sura ya pili hadi ya tano kwa mbofyo mmoja. Katika LibreOffice kidirisha cha namna hiyo hufunguka kwa F5, na huorodhesha vichwa, majedwali na vitu vilivyounganishwa, kila kundi mahali pake. Tahadhari moja: kichwa kilichowekwa ndani ya jedwali hakionekani katika kidirisha cha Word. Kiweke juu ya jedwali.

La pili, kila jedwali lipewe anwani na nambari kwa zana ya programu, na kila takwimu katika maelezo itajwe pamoja na nambari ya jedwali lake. Hili ndilo muhimu kuliko yote. Ningalikuwa nimeandika “kama inavyoonekana katika Jedwali 7” kila nilipoyataja maneno yale, ningelitafuta jina la jedwali badala ya idadi, na ningezifikia kauli zote, zenye nambari na zisizo nazo. Hata nambari moja iliyo katikati ya sentensi yaweza kuunganishwa na kisanduku chake katika lahajedwali, ikabadilika pamoja na jedwali.

La tatu, viungo navyo vina hila zake. Kiungo hukumbuka mahali faili ilipo. Ukiuchukua waraka peke yake kwenye flashi na kuiacha lahajedwali nyumbani, mashine ya mchapishaji yaweza kukuchapia tangazo la hitilafu pale palipokuwa na jedwali. Kabla ya kuwasilisha, tengeneza nakala ya waraka, uchague yote, uhuishe kwa F9, uyakague majedwali moja baada ya jingine, kisha uvikate viungo kwa Ctrl+Shift+F9. Nakala yenye viungo ibaki nyumbani kwa masahihisho ya baadaye.

Wapo watakaonikosoa kwamba haya ni mambo ya idara ya kompyuta na kwamba sisi kazi yetu ni lugha. Siafikiani nao. Mpangilio wa hoja ni suala la lugha, na kichwa cha sehemu ni sehemu ya hoja. Fauka ya hayo, anayefanya utafiti wa lahaja, wa leksikografia au wa makosa ya wanafunzi atakutana na majedwali atake asitake. Wengine watasema hatuna istilahi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mnamo 2004, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Maneno kama lahajedwali, kiungo, alamisho na kuabiri si mageni. Kilichokosekana ni mazoea ya kuyatumia tunapofundishana.

Pendekezo langu kwa idara zetu ni dogo. Katika somo la mbinu za utafiti, saa mbili au tatu zitengwe ili kila mwanafunzi aufungue waraka mrefu wenye majedwali yaliyounganishwa, abadilishe takwimu moja katika lahajedwali, kisha aonyeshe kila mahali katika waraka panapopaswa kubadilika. Zoezi hilo lifundishwe kwa Kiswahili na mwalimu wa Kiswahili. Nacho chama chetu kinaweza kuanza kabla ya idara, kwa kuwakutanisha waliokwisha kuumwa na nyoka na wale ambao bado.

Mimi nilipewa miezi mitatu ya kusahihisha, na nilisahihisha. Lakini nilipokuwa nikipita ukurasa baada ya ukurasa nikizisaka kauli zilizoachwa nyuma, nilitambua kwamba mtahini hakuniuliza swali la kompyuta. Aliniuliza kama nilikuwa nimeisoma tasnifu yangu. Mwandishi asiyeweza kuirejea ngama yake hana jibu la kumpa.