Meli zilizozama: Sheria ihesabu makaburi, si miaka na bei pekee

WAHENGA walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Swali linalozikabili nchi za pwani ni jingine: chombo kilichokwisha kuzama ni mali ya nani, na nani ana kauli ya mwisho kuhusu hatima yake?

Kwa karne nyingi sheria za bahari zililijibu swali hilo kwa mizani ya biashara. Aliyenusuru meli au shehena iliyokuwa hatarini alistahili kulipwa. Kanuni hiyo ilikuwa na busara, kwani ilimpa nahodha sababu ya kuhatarisha chombo chake kwa ajili ya cha mwenzake. Ilipotumiwa kwa meli zilizolala chini ya maji mamia ya miaka, hata hivyo, iliwafungulia mlango wasaka hazina.

Mombasa ilionyesha njia tofauti. Meli ya kivita ya Wareno, Santo António de Tanná, ilitumwa kutoka Goa kuwanusuru wenzao waliozingirwa na Waomani ndani ya Fort Jesus. Ikazama mbele ya ngome ile ile iliyokuja kuiokoa, na Desemba 1698 ngome ikatekwa. Kati ya 1977 na 1980, wanaakiolojia wakishirikiana na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya walichimbua mabaki yake. Maelfu ya vifaa vilitolewa, na baadhi vimewekwa katika makavazi ya ngome hiyo. Mbao za meli zilipimwa, zikachorwa, kisha zikafukiwa tena mchangani, kwa kuwa mbao zilizolowa kwa karne tatu husinyaa na kupasuka zikikauka bila kutibiwa.

Hekima hiyo ndiyo iliyotiwa muhuri katika mkataba wa Unesco wa 2001, ulioanza kutumika Januari 2009. Mkataba huo unapiga marufuku kufanya biashara ya turathi za chini ya maji na unataka, kwanza kabisa, ziachwe mahali zilipo. Kasoro yake ni kipimo cha umri: unalinda tu mabaki yaliyokaa majini kwa angalau miaka 100.

Kipimo hicho kinawaacha nje wengi waliofariki katika Vita vya Pili vya Dunia. Februari 1944, meli ya SS Khedive Ismail iliondoka Mombasa kuelekea Colombo ikiwa na watu zaidi ya 1,500, wakiwemo wanajeshi wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Tarehe 12 mwezi huo nyambizi ya Japani iliishambulia karibu na visiwa vya Maldives. Ikazama kwa dakika chache, na karibu watu 1,300 wakaangamia. Kwa mujibu wa mkataba wa 2001, kaburi hilo la pamoja halitahesabiwa kuwa turathi hadi mwaka 2044.

Kwa upande mwingine upo mkataba uliopitishwa jijini Nairobi mwaka 2007, unaotumika tangu Aprili 2015. Huo huyatazama mabaki ya meli kama hatari kwa usafiri na mazingira, na humbebesha mwenye meli gharama ya kuyaondoa. Ni sheria ya lazima, ila haikuundwa kwa ajili ya kumbukumbu. Baina ya mikataba hii miwili pana mwanya: meli ambayo si kikwazo kwa yeyote, wala haijazeeka vya kutosha kuheshimiwa.

Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 ina mtazamo mpana zaidi, kwani inayatambua mabaki ya meli yenye zaidi ya miaka 50. Lakini sheria ya nchi moja haifiki Maldives. Serikali za Afrika Mashariki hazina budi kudai kwa sauti moja kwamba meli iliyozama na watu ilindwe tangu siku ilipozama, na kuhakikisha majina ya waliomo yanahifadhiwa nyumbani. Ngome ya Fort Jesus inawasimulia wageni habari za Wareno waliozama mbele yake. Vijana walioondoka katika bandari hiyo hiyo mwaka 1944 wanastahili heshima isiyopungua hiyo.