Muacheni Buibui Mrukaji, Hana Kosa



Leo nina ugomvi na kopo la dawa ya kupuliza. Mtu akiona buibui mdogo wa kijivu ukutani, mkono unakwenda kwenye kopo. Haulizi amekosa nini. Hiyo ni hasara tunayoinunua kwa pesa zetu wenyewe.

Mtazameni kwanza. Kitaalamu anaitwa Menemerus bivittatus, na asili yake ni Afrika hii yetu. Urefu wake ni kama sentimita 1, mwili umebapa na una vinyweleo. Dume ana mstari mweusi katikati ya mgongo. Jike ana mistari ya weusi pembeni mwa tumbo. Macho anayo 8: mawili ya mbele ni makubwa kama taa za gari, mengine yanaangalia pembeni na nyuma. Hategi kwa utando. Hunyemelea kama paka, hugandisha uzi ukutani usije ukamponyoka ukuta, kisha huruka. Hasukumwi na mapaja manene kama panzi. Husukuma maji ya mwili wake miguuni, miguu ikanyooka ghafla.

Mtaniambia ana sumu. Sumu yake ni ya kuulia nzi na mbu, mtu haimdhuru. Mtaniambia anachafua nyumba. Atachafua vipi naye hatandi utando darini?

Shambani ndiko kwenye balaa zaidi. Ndugu zake wanakaa kwenye majani ya tungule na bilingani, wanakula viwavi wadogo na vidudu vingine. Mkulima anayepiga dawa kila wiki bila kukagua jani anaua walinzi wake. Wadudu waharibifu huzaana upesi kuliko buibui, basi hurudi wengi zaidi, na yeye hurudi dukani. Anayefaidika ni muuza dawa. Wazee wa minazi hapa Unguja hawahitaji kufundishwa hili: wanajua mnazi wenye majimoto hauangushi nazi changa ovyo.

Simsemi mtu wa afya anayekuja kupuliza dawa ya malaria. Huyo mfungulieni mlango, na chandarua kisiondoke kitandani. Hata yule buibui wa Ziwa Victoria, Evarcha culicivora, aliyeandikwa na wataalamu mwaka 2003 na anayependa zaidi mbu walioshiba damu, hawezi kuimaliza malaria peke yake.

Basi fanyeni hivi. Nyumbani, kama hamumtaki chumbani, mfunikeni kwa gilasi, pitisheni karatasi chini, mtoeni nje. Shambani, kagueni majani juu na chini kabla ya kubeba bomba. Mkiona wadudu wachache na buibui wapo, rudini nyumbani. Wakizidi, pulizeni sehemu iliyoshambuliwa tu, jioni, kwa kipimo kilichoandikwa.

Kibarua asiyedai ujira hafukuzwi kwa sumu.